Kabureta Mupya ya Gari ya Baba

Mama Bénita,

Maharagi iko kwa moto ya makala, ongeza maji isiungue. Mimi na Bénita tumeenda Mabanga kuchukua mama yako, tumupeleke kwa misa. Leo hatashuka kusukuma gari.

Asubuhi nilikuta binti yetu ametoa kabureta ya gari ya marehemu baba, anafunga ingine kubwa. Nikamufokea: «Silindari zote sita za injini zilimutumikia muzee hivyo hivyo!» Akanijibu kwa upole: «Papa, zinakosa pumzi.» Akawasha. Injini ikanguruma kama siku ile baba alikuleta hapa ukiwa bibi-arusi. Nikageuka, nikapangusa macho.

~~Mimi ndiye ninaendesha.~~ Bénita ndiye anaendesha. Ufunguo wa muzee sasa ni wake. Nikiuomba kesho, musinirudishie.

Papa Bénita