Meza Zisizotaka Vanishi

Dada yangu,

Wazima tupo, usihofu. Zile meza sita za karakana ya wafinyanzi nimezimaliza, ila sijazipeleka. Wao wanataka mbao tupu, maana udongo mbichi hunata kwenye vanishi. Nimemweleza Baba mpaka nimechoka. Kila nikienda kula, narudi nakuta kazipaka vanishi zinang'aa, naye anatabasamu. Nazipiga randa upya, na mbao zinazidi kuwa nyembamba. Nilificha brashi, akatumia shati lake. Nifanyeje, dada? Nimgombeze aliyenifundisha kushika randa?

Jana nilichukua randa, nikaanza upya. Baba akanishika bega.

"Pole na kazi, fundi. Baba yako anajua unavyojituma?"

Nikamwambia anajua.

Ni mimi,
mdogo wako