Jani la Sale Ulilokataa Kupokea

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utanikunjia uso hata ukiwa kaburini, nami bado nakuogopa.

Leo nimepita hospitalini Moshi, pale uliponiuguza nikiwa mdogo, enzi za Mwingereza. Mengi nimesahau. Nakumbuka kichwa kikiniuma hadi nikakulilia ulizime jua, shingo imekakamaa, na baba na wadogo zake wakinishusha kutoka Kibosho ndani ya blanketi. Daktari aliponichoma mgongoni kutoa maji, ulinikumbatia ukasema, "Ning'ate bega." Nililing'ata kweli, na ile alama uliwaonyesha wageni miaka yote kwa majivuno.

Maji yale yalionyesha kwamba ubongo umeingiliwa na kijidudu cha mifugo, ambacho daktari hakuwahi kukikuta kwa mtoto. Akauliza kama nakunywa maziwa mabichi. Bibi, mama yake baba, alilala nyumba moja na ng'ombe wake, na kila asubuhi alinipa ya kwanza, yangali na povu, kwa kuwa nilikuwa kipenzi chake.

Sindano ziliniponya, ila sikio la kushoto likafa. Habari ya maziwa ilifika nyumbani kabla yetu. Majirani walishasema bibi asiachiwe mtoto tena, na baba alikuwa tayari kunitenga naye.

Tulimkuta bibi mlangoni kwake, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Mchagga akikuletea sale kuomba msamaha, hukatai. Lakini mama mkwe kumpelekea mke wa mwanawe? Hilo hatukuwahi kuliona.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Nilimnywesha kwa mikono yangu."

Hukupokea. Nikajua nimempoteza bibi. Wewe ukaokota kibuyu cha kukamulia ukampa.

"Nikilipokea, mama, nitakuwa nimesema una kosa. Kamua, mtoto ana njaa. Mimi nabandika sufuria tuchemshe maziwa."

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nikikua mikononi mwake. Alizoea kukaa upande wangu wa kulia ili nimsikie.

Watu husema uliniokoa na kifo, na kwa hilo nakushukuru. Lakini, Mama, nakushukuru zaidi kwa kuniachia bibi yangu.

Pumzika salama.

Mwanao uliyemuuguza,
Anjela