Mikono Miwili ya Upande Mmoja

S.L.P. 418,
9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe na wifi? Watoto wazima? Huyo mdogo ameshaota meno? Mimi sijambo. Nakula, nalala, nashona, basi.

Mama alipimwa juzi. Daktari anasema ni ugonjwa wa kusahau, ndio kwanza unaanza. Nilimsikia vizuri, nikamshukuru, nikapitia dukani kununua nyuzi nyeupe. Mpaka leo sijalia. Sijui machozi yamekwama wapi.

Najua utasema ni uzee tu, maana kwenye simu Mama ni hodari: atakujulia hali, atakutania, atakata. Mimi ninayekaa naye ndiye niliyeona. Unamkumbuka Mama yule fundi tuliyemwita Sentimita, aliyemtazama mtu akiwa bado mlangoni na kukijua kiuno chake? Mwaka jana alimpima mwalimu jirani mara tatu asubuhi moja, kisha gauni lake akalikatia mikono miwili ya upande mmoja. Tukacheka. Mwezi uliofuata akarudia. Pasi akaiacha juu ya suruali ya mteja hadi ikaungua. Mkasi akaufungia kabatini mwenyewe, halafu akasema muuza vitambaa kamwibia.

Kusahau chaki umeiweka wapi, daktari anasema hata yeye husahau. Ila Mama aliishika chaki mkononi akaniuliza, "Hivi hiki tunafanyia nini?"

Kosa langu nalikiri. Nguo alizokosea nilikuwa nikizifumua na kuzishona upya yeye akiwa bado kitandani, wateja wasijue, naye asiumie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha kwa sindano. Daktari alipouliza hali hii imeanza lini, nikajibu, "Siku hizi tu."

Mama akanitazama. "Tangu mwaka jana, daktari. Huyu hunifumulia nguo zangu, anadhani siujui mshono wangu."

Alikuwa anajua, Kaka. Mwaka mzima tumefichana ndani ya chumba kimoja.

Dawa ya kuuondoa hakuna. Presha yake iko juu, tunaishusha. Masikio yatapimwa, maana asiyesikia hujitenga na watu. Jioni tunatembea hadi sokoni na kurudi, yeye mbele, mimi natweta nyuma.

Nawe usidhani haya ni ya Mama peke yake. Acha sigara, pima presha, punguza chumvi, na hicho kitambi kitembeze. Daktari hakuahidi kitu, alisema tu uwezekano wa kuupata ugonjwa huu hupungua.

Cherehani bado anakanyaga. Mimi nakata, yeye anaunga. Wateja hawajalalamika.

Shangazi anakusalimu sana. Baba Mdogo naye anakusalimu, ingawa bado anashikilia kwamba Mama anadeka. Nibusie watoto. Mungu awalinde huko mliko, na akupe moyo wa kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Maana uliniandikia kwamba likizo yako unaiweka akiba, lisije likatokea la kutokea ukakosa kumzika Mama. Usiiweke. Mazishi nitayaweza bila wewe, watu watajaa. Hili la sasa siliwezi peke yangu. Njoo angali anaweza kukugombeza kwa jina lako.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, kitindamimba.