Wakamua Hewa wa Nshamba

Ta Felisiani,

Mwenyekiti wa kijiji, Ta Kamugisha, alitangaza jana asubuhi mbele ya ghala la kahawa kwamba mazoezi yako ya polepole ya taichi yameruhusiwa tena, kwa sharti kwamba yafanywe haraka zaidi. Nilikuwepo. Nilimwomba arudie, kama ninavyomwomba kiongozi yeyote anaposema jambo ambalo wasomaji hawataliamini, naye akarudia bila kupepesa macho: "Haraka zaidi. Nchi haijengwi na vinyonga."

Wewe ulifariki marufuku ikiwa bado haijaondolewa, kwa hiyo hii ni habari mpya kwako. Nakuandikia pia kwa sababu wewe ndiye mhusika mkuu na sijapata maoni yako.

Jumamosi anakuja afisa wa afya kutoka Muleba kututazama. Akiridhika, kijiji kizima kitafanya mazoezi hayo kabla ya kwenda shamba la ujamaa. Akiona ni upuuzi, hatutasimama tena pale mbele ya ghala, hata kwa haraka. Wenzangu wamenichagua niongoze. Hawakunichagua kwa ubora. Walisema mtu wa gazeti haoni haya mbele ya wakubwa.

Unakumbuka nilivyofika. Nilitumwa kutoka Bukoba kuandika habari za kahawa. Mbele ya ghala nikakuta wanaume wazima kumi, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakipigana polepole na mtu asiyekuwepo, na wewe mbele yao. Nikatoa daftari. Ukasema, bila kugeuza shingo, "Usiandike. Vua viatu." Kwa miaka minne nimevua viatu kila Jumamosi, na pikipiki ya ofisi imeizoea njia ya Nshamba kiasi kwamba mhariri wangu anaamini nina mke wa pili huku.

Chanzo cha mambo haya nilikipata kwako mwenyewe. Ulikuwa mpishi wa madaktari wa Kichina katika mkoa wa mbali, na kila asubuhi, birika likiwa jikoni linachemka, daktari mmoja mzee alikutoa nje akakufundisha hatua moja. Uliporudi nyumbani ukakosa namna ya kuwaeleza watu jinsi ya kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Daktari alikuwa amekwambia habari za mawingu. Ukaona mawingu hayatafaa Nshamba. Ukawaambia, "Kanyageni ndizi."

Ilitosha. Kila mmoja wao alikuwa amekanyaga ndizi za pombe tangu ujanani, ndani ya mtumbwi wa kukamulia, taratibu, kisigino kikitangulia na vidole vikifuata, mpaka juisi itoke. Wote kumi wakainama wakakunja suruali. Ukawaambia hakuna haja, hapa hakuna juisi. Wakasema hilo wanalijua, lakini mguu uliofunikwa haukanyagi vizuri. Tangu siku ile suruali iliyokunjwa ikawa sare yetu, na kijiji kikatuita wakamua hewa. Mkeo, Ma Justina, alipita na kuni zake akauliza, "Hiyo pombe yenu itaiva lini, tualike watu?"

Mimi nilishindwa. Baba yangu ni mwinjilisti wa Kilutheri kule Rwamishenye, na kwetu ndizi iliiva ikaliwa. Sikuwahi kuingia mtumbwini. Ukanivumilia miezi miwili, kisha siku moja kabla ya harusi ya mpwa wako ukaniingiza kwenye mtumbwi wa kweli, wenye ndizi za kweli. Nilimaliza hatua tatu. Ya nne nikaketi. Ma Justina alikuwa amesimama kando na wanawake wenzake, maana kazi ile ni ya wanaume na wanawake huwepo kwa ajili ya kusahihisha. Alisema, "Mwacheni, anaongeza ladha." Pombe ile ilinywewa yote, niliulizia. Jioni baba aliniuliza kwa nini ninanukia vile. Nikamjibu ni mazoezi. Nimelipima jibu hilo mara nyingi tangu wakati huo, na bado ni la kweli.

Kuhusu marufuku, nimekusanya maelezo ya pande zote. Upande wa mwenyekiti unasema kwamba wanafunzi wako sita walilima shamba la kijiji kwa mtindo wako: jembe linapanda kwa pumzi moja, linasimama hewani, linashuka kwa pumzi nyingine. Hadi wakati wa kupumzika walikuwa wamemaliza tuta moja. Upande wa wanafunzi unasema hawakuchoka. Mwenyekiti anakubali hawakuchoka. "Lakini hata magugu hayakuchoka," aliniambia. Siwezi kuandika kwamba alikosea.

Ulipoitwa ofisini kwake ulikaa, ukatoa kahawa yako ya kutafuna mfukoni, ukamkaribisha kwanza kama desturi inavyotaka, na mkatafuna wote kimya mpaka akasahau alichokuitia. Akakufungia mazoezi siku ya pili yake, kwa barua, kwa kuwa barua haitafuni.

Mazishi yako yalikwenda vizuri, isipokuwa muda. Tuliobeba jeneza tulikuwa wanafunzi wako. Hatukupanga. Mguu ulipoinuka, ukainuka kama ulivyotufundisha, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kwenda mwendo mwingine. Kutoka mlangoni hadi kaburini, kule kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, ni hatua chache tu. Padre alifika, akafungua kitabu, akakifunga, akangoja. Baadaye alisema amezika watu wengi, lakini hajawahi kuona kaburi likisubiri huku marehemu bado yuko njiani. Ta Kamugisha alikuwa nyuma yetu. Safari ile hakusema haraka.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Hatujui mwisho. Ulitufundisha hatua zote isipokuwa ile ya kufungia. Nilikuuliza mara tatu, na mara zote tatu nimeziandika daftarini. Jibu lako lilikuwa lile lile: "Mwisho haupewi mtu mwenye haraka." Kwa hiyo kila Jumamosi tulifika mahali fulani, mikono ikiwa hewani, ukasema, "Basi, kanyweni chai." Afisa wa afya hawezi kuambiwa akanywe chai.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa Ma Justina kuomba karatasi zako. Alinitolea sanduku la mbao. Ndani kulikuwa na daftari la mpishi: vitunguu, mafuta ya taa, chumvi, na katikati ya vitunguu na chumvi, vijitu ulivyochora kwa penseli, kila kijitu na siku yake. Nikafuata vijitu hadi ukurasa wa mwisho. Juu uliandika "Ijumaa". Chini yake hakuna kitu.

Ma Justina akaniambia yeye, maana wewe hukuweza. Daktari wako alihamishwa Alhamisi. Hatua ya mwisho ilikuwa ufundishwe Ijumaa. Ulimwandikia barua mbili. "Alikuwa akimtuma mtu posta kila wiki," alisema. "Akiona mikono mitupu, ananiambia labda wiki ijayo."

Nilikasirika, Ta. Nakuripotia hilo kwa sababu ni kweli; ilikuwa kama nusu saa. Miaka minne nimeamini kwamba ninanyimwa kwa sababu nina haraka. Nilijirekebisha. Siku hizi hata mhariri akipiga simu namwacha amalize. Na kumbe mwenye mwisho hakuwepo kati yetu wote, na ulisimama mbele yetu kila Jumamosi ukilijua hilo, mikono ikiwa hewani.

Niliwaeleza wenzangu jana baada ya tangazo. Deogratias, karani wa ushirika anayetembea kutoka Buganguzi kuja kujifunza, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunangoja Ijumaa!" alisema. Kisha akaacha kucheka, akauliza Jumamosi tutafanya nini.

Jibu lilitoka kwa mkeo. Alikuwa ametuletea chai, akasikia, akaweka birika chini.

"Nyinyi wanaume," alisema, "mnaingia mtumbwini kwa kelele, mkitoka hamjui mmetokaje. Sisi tunaokaa kando ndio tunaona. Mwana wange, shika birika."

Nikashika birika. Akasimama katikati yetu, akainua mguu mmoja taratibu, akauacha hewani. "Hapa mnangoja juisi idondoke. Ile iliyo kwenye unyayo nayo ni pombe, haitupwi." Alingoja. Nilihesabu pumzi sita, na ule mguu mwingine haukuyumba hata kidogo, kwa umri wake. Kisha akaufuta kwa nyasi zisizokuwepo, akauweka nje ya mtumbwi usiokuwepo. Akafanya na wa pili. Akashusha mikono. "Mmetoka," alisema. "Nendeni mkanywe chai."

Deogratias akaanza kukunja suruali.

Sijui kama ndivyo daktari wako anavyomaliza huko kwao, na sitaandika popote kwamba ndivyo. Tukiulizwa, tutasema sehemu kubwa ni ya Wachina na mwisho ni wa Nshamba. Kuhusu sharti la mwenyekiti, nilikwenda kwake nikamwambia kwamba badala ya kuharakisha tutaanza mapema, ili tumalize mapema. Alifikiri. Akasema hiyo nayo ni haraka. Tumepeana mikono.

Pumzika, Ta. Nakuahidi mambo mawili: sitakwenda mbio, na sitaketi kwenye hatua ya nne. Afisa ataamua Jumamosi, nami nitakuletea matokeo kaburini kwa miguu, kwa mwendo wako, kwa hiyo usitarajie nifike mapema.

Kabla ya hapo kuna somo moja. Ma Justina atafundisha namna ya kutoka mtumbwini, mbele ya ghala la kahawa, saa kumi na mbili asubuhi. Siku tuliyoipanga ni Ijumaa.

Mwanafunzi wako,
wa gazeti