Msumeno, Mraba na Litungu la Mzee Mukhwana

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Kitale. Mvua tangu asubuhi, duka halina mteja. Nimeweka synth, kinanda changu cha umeme, kwenye kaunta, kati ya dawa ya kupe na mbegu za kabichi. Baba akiikuta hapa kutawaka moto.

Lakini leo nimeelewa! Oscillator ndiyo inayotikisa sauti, basi. Umbo la mtikisiko ndilo linaloipa rangi. Sine — laini, mtu anapiga mluzi. Mraba — una uwazi ndani, kama kuongea ukiwa umeingiza kichwa mtungini. Msumeno — unakwaruza, umebeba kila kitu. Noti ni ileile, midomo ni tofauti. Mbona video zote za mafunzo huzungusha maneno?

Rafiki yangu Nelima amepiga simu kutoka Kanduyi. Jumamosi ya tarehe 23 anaimba uwanjani, nyimbo za babake. Mzee Mukhwana alipiga litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, maisha yake yote, mpaka stroke ilipochukua mkono wa kulia mwaka jana. Hataki mtu mwingine aguse nyuzi zake. Mashine, amesema, ataisikia kwanza. Akikubali, napanda jukwaani. Akikataa, Nelima ataimba na gitaa la Wakoli tu, nami nibaki hapa na kupe.

Nataka kupanda.

Jumatano, 13 Agosti
Sikai. Nasimama, narudi, nasimama tena. Nina rekodi moja tu ya Mzee, ya simu — jogoo wengi kuliko nyuzi. Mraba umenipa kinanda cha kanisa. Msumeno umenipa nyuki ndani ya mkebe. Mteja wa chanjo ya kuku amesubiri mpaka akaondoka. Baba kauliza kama hiyo ni mashine ya kukamua imeharibika.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeipata! Msumeno, halafu filter, chujio la sauti, inafungwa haraka — ting! Kama kidole kimeachia uzi. Oscillator mbili, nimezilinganisha sawasawa kabisa, hata unywele haupiti. Nimemtumia Nelima.

Jumamosi, 16 Agosti
Jibu! Nelima karekodi sauti ya Mzee mwenyewe, nzito, ulimi unaburuta: “Hii ni ya mbari.”

Mbari! Kwetu Wakikuyu mbari ni ukoo. Kumbe mzee wa Kibukusu anajua neno letu — tumeishi nao miaka mingapi huku? Anasema sauti yangu ni ya ukoo! Nimeisikiliza mpaka simu imeishiwa chaji. Nimelia kidogo, acha niseme ukweli.

Jumapili, 17 Agosti
Nimemwambia Baba baada ya ibada. Akacheka, ati siku hizi Wabukusu wanagawa mbari bure? Halafu — enda basi, duka nitaangalia mimi. Baba! Yeye!

Jumatatu, 18 Agosti
Aibu. Aibu!

Nimempigia Nelima nimwambie amshukuru Mzee kwa kuniita wa mbari. Akaniuliza: “Mbari gani, Kabura? Si amesema iko mbali, bana. Mbali na litungu.” Halafu akaangua kicheko, akashindwa kujizuia.

Mimi, ninayechekwa kila siku kwa kusema “harafu”! Ndimi niliyepotezwa na r ya mtu mwingine. Na Baba ameshawaambia majirani. Sijui nimkasirikie nani. Nimeipiga teke ndoo.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimebadilisha mara sijui ngapi. Mbaya zaidi kila mara. Sitatuma tena kwa simu. Kesho naenda.

Alhamisi, 21 Agosti
Kanduyi. Litungu limening'inia ukutani, juu ya redio. Nikampigia Mzee sauti yangu. Akasikiliza macho yamefungwa, akasema: “Yako inaria kama iko shule.”

Imeniuma. Lakini ni kweli — imekaa wima, mikono mezani. Nyuzi zake hazikuwahi kukubaliana hivyo. Basi nimetenganisha oscillator, moja nimeishusha kidogo tu. Zikaanza kusuguana, kutetemeka, wau-wau. Mama Phelista, mkewe, akaacha kuchambua mboga. Mzee akasema tulale kwanza.

Tulale! Nani atalala?

Jumamosi, 23 Agosti
Amekubali! Ameamka, amekunywa chai, akasema: “Sawa. Hii nakubari.” Nelima akanirukia shingoni. Napanda!

Halafu akauliza ile kitu nazungusha ni gani. Nikamwonyesha kifundo cha kutenganisha. Akakishika kwa mkono wa kushoto. Akazungusha — sauti ikaachana vibaya, ikapiga mayowe. Akairudisha. Akaiachanisha tena. Kidole kimoja kwenye noti, kisha kingine. Kisha wimbo, polepole, unachechemea lakini ni wimbo. Anauimba pia, maneno nusu nusu.

Mama Phelista amesimama mlangoni, ameshika mdomo. Ananinong'oneza kwamba tangu hospitali hajagusa kitu kinachotoa sauti. Hata redio alikuwa anaizima.

Wakoli yuko nje na gari, anapiga honi. Tunatakiwa uwanjani sasa hivi, kujaribu spika. Nelima amemwambia babake mara moja, “Baba, tunachelewa.” Hajasikia, au hataki. Amesogeza kiti karibu zaidi na synth.

Honi tena. Mimi nimekaa hapa naandika ili mikono iwe na kazi. Begi la synth liko wazi miguuni pangu, na bila synth sipandi. Nelima ananitazama mimi, si babake.