Besi Nne na Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu mkubwa! Redio wanataka besi zangu zote, yaani kila gitaa nililopiga tangu bendi yetu ya roki ianze. Watazipanga kwenye ukumbi wao wa mbele, kila moja na karatasi yake ya maelezo. Jumamosi watu waje watazame. Dada wa redio ananiita gwiji. Nikamwambia gwiji anauza mabati na pasi za mtumba, lakini endelea tu dada, usiache.

Besi zenyewe nne. Kabati — nililichonga mwenyewe kwa mlango wa kabati, bawaba bado ipo, nyuzi ni waya za breki ya baiskeli. Mjane — nilimnunua kwa familia ya mpigaji aliyefariki, ndiyo maana ya jina. Nyuzi Tano — la kuringia tu, ule uzi wa tano kazi yake ni kupumzishia kidole gumba. Na hili la sasa, halijapata jina, bado tunaheshimiana.

Tatizo Mjane. Nilimuuza miaka minane iliyopita, kinyozi kamtundika ukutani. Na Mjane ndiye mwenye ule wimbo ambao watu wote wanaujua.

Kesho naamkia kwa kinyozi.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi kakubali kubadilishana kwa feni na pasi mbili. Alikataa kwanza, akanyoa kichwa kizima akifikiria, ndipo akakubali. Mjane karudi na nywele za watu kwenye vifungo vya sauti.

Mama watoto alikuwa kwenye cherehani nilipoingia na Mjane. Mguu ukasimama kwenye pedeli. Akasema, "Kumbe yupo." Basi. Akaendelea kushona.

Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka. Ule wimbo sikuupiga mimi. Siku ya kurekodi bati lilinikata kidole, damu kama machinjioni! Na studio tumepewa siku moja tu. Mama watoto alikuwa ametuletea chakula. Akasema, nipe hilo. Yeye ni wa mkono wa kushoto — akaligeuza gitaa, vifungo juu, akapiga. Mara moja tu! Mwimbaji wetu akasahau kufunga mdomo.

Tukaapa watatu, mimi, mwimbaji na mpiga ngoma, kwamba siri haitoki. Yeye hakuapa. Hakuna aliyemuuliza.

Kanda ikatoka na jina langu. Watu wakaniita Vidole. Vidole mwenyewe nilifundishwa na mke wangu wiki tatu nzima kupiga wimbo "wangu". Na ile noti ya mwisho kabla kiitikio hakijarudi mpaka leo inanishinda. Naifunika kwa kuruka juu. Watu wanapiga makofi.

Miaka ishirini na miwili narukaruka.

Alhamisi, 6 Machi

Mdomo wangu huu ndio utanizika.

Fundi wa magitaa kaja kumkagua Mjane mbele ya dada wa redio. Kavaa miwani, kageuza huku, kageuza kule. Akasema aliyepiga gitaa hili ni wa kushoto. Tazama rangi ilivyochubuka — ukingo wa chini, mkono ulikuwa unalala hapa gitaa likiwa limegeuzwa. Na hapa kuna tundu jingine la mkanda, limetobolewa baadaye.

Dada akanigeukia. "Kaka, kumbe wewe ni wa kushoto?"

Si ningenyamaza? Si ningekohoa? Nikajibu, "Dada, enzi zile nilikuwa natumia mikono yote miwili."

Akapiga kofi kwa furaha! Basi Jumamosi utatupigia ule wimbo kwa kushoto, kama zamani!

Nimejichimbia kaburi, tena jembe nimelishika kwa mkono wa kulia.

Lakini si hilo linalonisumbua sasa. Nilimvuta fundi pembeni. Nikamuuliza, mtu akipiga siku moja tu, rangi inaweza kuchubuka hivi? Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Siku moja? Mzee wangu, hii ni miaka. Tena si mara moja moja."

Miaka yote ile, asubuhi natoka na mizigo yangu. Jioni narudi. Gitaa linabaki ndani. Na cherehani. Na yeye.

Nilipomuuza Mjane sikumwambia. Alinyamaza wiki nzima. Mimi nikadhani jino linamuuma. Nikamletea karafuu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya mazoezi kwa kushoto na fagio, Mjane na wenzake wameshapelekwa redio. Vidole kama ndizi. Mama watoto akatokea mlangoni. "Baba, unafagia dari?" Nikasema napunguza kitambi.

Nilitaka kumuuliza. Nikamuuliza kama chumvi ipo.

Mwimbaji naye kapiga simu — shikilia uongo wako, tukiumbuka tunaumbuka wote. Nikamwambia tulia. Mimi mwenyewe nikarudi kwenye fagio.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mama watoto kaniomba kikata kucha. Kakata za mkono wa kulia tu. Za kushoto kaacha. Nikamwambia umesahau mkono mmoja. Akasema, "Sijasahau."

Njia nzima nimezifikiria hizo kucha. Ukigeuza gitaa, nyuzi unazibana kwa mkono gani?

Naandika nimekaa chooni, hapahapa redio, daftari gotini. Ukumbi umejaa. Yeye kakaa mstari wa mbele, lile gauni la bluu. Karatasi ya Mjane nimeisoma: "Vidole alilipiga kwa mkono wa kushoto." Dada kaandika kwa mwandiko mzuri kweli. Uongo ukiandikwa vizuri unatisha zaidi.

Naweza kusema kidole kinauma. Naweza kusema ukweli. Mwimbaji atanimeza. Na watu wataniitaje — Vidole vya Mkewe?

Dada ananiita kwenye kipaza sauti. Mara ya pili hii. Watu wanacheka, wanadhani ni utani wangu.

Makofi.

Makofi ya nini? Mimi niko huku!

Besi inalia. Inapita ukutani, naisikia mpaka kwenye bomba la maji. Ni ule wimbo. Mdogomdogo, hana haraka, kama mtu anayepiga kwake mlango umefungwa.

Anakaribia ile noti.

Kaipiga! Bila kuruka. Kumbe inakaa pale.

Mlango unagongwa. Ni dada wa redio, anahema — kaka, njoo uone!

Kuona nini, dada. Nasikia.

Nimeshika kitasa. Kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unaandika.