Kiapo cha Kuzaliwa kwa Ndeshi

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na haukuondoka kutwa.

Leo nimekula kiapo kwamba mdogo wangu alizaliwa.

Ndeshi anakwenda Bulgaria kusomea udaktari. Huko cheti cha ubatizo hawakitambui. Wanataka karatasi ya serikali, igongwe muhuri mahakamani hapa Moshi, kisha ipelekwe Dar es Salaam ikagongwe mwingine wizarani. Sisi tulizaliwa nyumbani na hakuna aliyetuandikisha, kwa hiyo alitakiwa mtu aliyekuwepo siku hiyo aje aape. Mama hayupo, baba hayupo. Nimebaki mimi.

Nimeamka na roho nzito. Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia: nina wivu.

Mwaka wa Uhuru nilichaguliwa kwenda sekondari, na mwezi uleule mama akafariki. Ndeshi alikuwa na miaka saba. Baba aliniuliza, "Aikande, mtoto huyu atabaki na nani?" Hakungoja jibu. Sanduku nililonunuliwa la shule likatiwa mahindi.

Mahakamani tumekaa kwenye benchi asubuhi nzima. Ndeshi kavaa gauni nililomshonea mimi, anajifunza maneno ya Kibulgaria chini chini. Kila neno lilinichoma.

Tulipoitwa, hakimu, mzee mpole mwenye miwani, alinipa Biblia. "Ndugu, unamfahamu huyu binti tangu lini?"

Nikanyamaza.

Sikuwa nimepanga kunyamaza. Ila niliona ghafla kwamba safari yote ya Ndeshi inasubiri mdomo wangu. Nikisema sikumbuki vizuri, nilikuwa mdogo, nani atanilaumu? Ndeshi akageuka kunitazama. Nimemlea mimi, hakuna asichokisoma usoni mwangu.

"Tangu alipolia mara ya kwanza," nikasema. "Nilikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyechemsha maji. Mkunga alimshika kwanza, kisha akanipa mimi."

Hakimu akaandika. Karani akanisogezea kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa, mama."

"Dada anajua kuandika!" Ndeshi akadakia. "Shuleni alikuwa wa kwanza. Mimi hesabu kanifundisha yeye."

Alisema kwa fahari, masikini. Afadhali angenizaba kofi. Nikatia sahihi, muhuri ukagongwa, na Ndeshi akawa anaipepea ile karatasi ikauke huku machozi yanamtoka.

Basi lilituacha barabara kuu, tukapanda mlima kwa miguu. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Ndeshi, nakuonea wivu. Leo nusura nikufungie njia."

"Niliona, dada." Akanishika mkono. "Ningekuwa wewe, ningeshamchukia Ndeshi zamani."

Tukapanda hivyo mpaka nyumbani. Nilidhani nikishalitamka jambo hili litaniondoka. Halijaondoka. Sasa hivi yuko jikoni anamenya ndizi na kuimba, na sauti yake yenyewe inanikera. Papo hapo nawaza nani atamwimbia huko kwenye theluji, na nataka kulia.

Lakini kuna jambo jingine limeniingia tangu tulipotoka kwa hakimu. Serikali inatafuta walimu, hata wa darasa la nane kama mimi, na wanaoomba wanadaiwa cheti cha kuzaliwa. Sikuwahi hata kuuliza. Nilijiambia mambo hayo ni ya Ndeshi.

Waliokuwepo siku yangu wamekwisha, isipokuwa labda shangazi aliyeolewa Marangu. Jumapili baada ya ibada nitakwenda. Nitamwamkia, nitakaa chini, nitamwuliza:

Shangazi, siku niliyozaliwa mimi, ulikuwepo?